Koko alisimama akanyamaza: pale mashine ya DVD inapoonyesha picha na kunyima sauti

Siku ya tano jioni, majuma matatu yaliyopita, tulikuwa watu kumi na mmoja sebuleni, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti, tukimtazama koko wetu kwenye televizyo. Alikuwa amesimama mbele ya watu wa arusi, kitambaa kichwani, mkono wa kuume juu ya bega la dada yetu mkubwa, na midomo yake inakwenda. Ilikuwa baraka aliyoitoa mwaka 1999. Tuliongeza sauti ya televizyo mpaka mwisho. Hakuna kilichotoka. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye hakumjua koko, akauliza: «Mama, koko alikuwa bubu?»

Hakuna aliyecheka.

Wamama wapendwa, tunawaandikia habari hii kwa sababu tangu siku ile wengi wenu mmetusimamisha njiani, wengine sokoni, wengine hata mlangoni pa darasa, mkisema: «Mwalimu, hata kwetu ni hivyo hivyo.» Kumbe katika nyumba nyingi za Beni kuna kaseti za arusi, za ubatizo, za mazishi, zimefungwa ndani ya mifuko juu ya kabati, na kuna mashine ya kurekodi DVD iliyonunuliwa ili kuziokoa, nayo imewakatisha watu tamaa. Sisi si mafundi. Tulisoma ISP, tunafundisha watoto. Lakini yale tuliyoyapata kwa kuhangaika juma zima tunaweza kuyasema.

Kwanza mjue kwa nini tulikuwa na haraka. Binti wa dada yetu alikuwa anaolewa, na wazee wa familia waliomba baraka ya koko isikike siku hiyo, kwa maana yeye mwenyewe alitutoka mwaka 2016. Kaseti ni moja tu. Wakati wa kukimbia, mama aliibeba ndani ya sufuria, katikati ya nguo za mtoto, na tuliporudi ilikuwa nzima. Deki ya kuichezesha tuliazima kwa jirani, na kila mara ilipoimeza kaseti mioyo yetu ilisimama, kwa sababu deki ya zamani inaweza kutafuna utepe kama mbuzi anavyotafuna daftari. Tena deki mpya hazitengenezwi. VHS ilitolewa na JVC huko Japani mwaka 1976, na kampuni ya Funai, ya mwisho kujulikana kutengeneza deki hizo, iliacha mwaka 2016. Mwaka ule ule wa koko. Inayokufa leo haina ndugu wa kuirithi.

Mashine ya kurekodi ilitoka kwa mama mwenzetu wa chama. Ndugu yake aliileta kutoka Dubai, ikapita Kampala, ikaingia Kasindi, njia ile ile inayoleta karibu kila kitu tunachonunua Beni na Butembo. Ni mashine nzuri. Unaiwekea diski tupu, unaunganisha deki kwa nyuma, unabonyeza, na kinachoonekana kwenye kaseti kinaandikwa kwenye diski.

Asubuhi ya siku ya posho tulimpelekea kijana mmoja anayetengeneza radio karibu na soko. Hakuiunganisha popote. Aliitazama deki, akapuliza ndani, akasema kichwa kimekufa, tulipe dola kumi na tano akifungue. Tulikuwa na pesa hizo mkononi. Kilichotuzuia ni swali la kimwalimu tu: kama kichwa kimekufa, picha inatoka wapi?

Tukarudi nyumbani, tukachukua chaki, tukachora njia ya sauti kwenye ukuta wa jikoni, kuanzia kaseti hadi sikio. Tunawashauri mfanye hivyo kabla ya kumwita fundi yeyote. Sauti ni kama mtoto anayetumwa dukani: ikiwa hakurudi, unamfuata hatua kwa hatua, unauliza kwenye kila mlango alipita au hakupita.

Nyuma ya mashine hizi kuna matundu matatu ya rangi. Ya njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya kushoto, imeandikwa L. Nyekundu ni sauti ya kulia, imeandikwa R. Deki yetu ni ya zamani, ina tundu moja tu la sauti, maana ilitengenezwa kwa sauti moja isiyogawanyika. Sisi tulitoa waya kwenye tundu hilo tukaupeleka kwenye tundu jekundu la mashine ya kurekodi, kwa sababu tu ncha ya waya ilikuwa nyekundu. Basi mashine ikaandika sauti ya koko upande wa kulia, na upande wa kushoto ikaandika kimya. Hilo lingekuwa kosa dogo. Lakini kutoka mashine ya kurekodi kwenda televizyo, waya wetu ulikuwa na ncha mbili nzima tu, njano na nyeupe. Nyekundu ilivunjika zamani, mtoto aliikanyaga, na kwa kuwa habari za dekodere ziliendelea kusikika kwa nyeupe peke yake, hakuna aliyejali. Koko alikuwa anaongea mlango wa kulia, sisi tumekaa mlango wa kushoto.

Hatukuirudisha kaseti ndani ya deki ili kuhakikisha. Tuliacha diski ileile, tukachomoa ncha nyeupe nyuma ya mashine ya kurekodi na kuichomeka kwenye tundu jekundu. Ncha ya upande wa televizyo hatukuigusa. Tukabonyeza.

Tutaruka kuwaeleza dakika zilizofuata. Mama alitoka nje, akakaa karibu na kisima, na tulimwacha huko.

Lakini kazi haikuwa imeisha, na hapa ndipo wengi wanaposimama mapema. Diski ile ilikuwa na sauti upande mmoja. Nyumbani unadanganya kwa kuhamisha waya. Katika ukumbi wa arusi, bafle mbili zikiwekwa pande mbili, ya kulia ingeongea na ya kushoto ingenyamaza, na nusu ya wageni wangemwona koko bubu kama tulivyomwona sisi. Ilibidi kurekodi upya. Dawa ni waya mdogo wenye umbo la herufi Y: ncha moja inaingia kwenye tundu la deki, mbili zinatoka, moja kwa nyeupe na moja kwa nyekundu. Tuliupata sokoni kwa dola mbili. Dola kumi na tatu zilizobaki zilinunua mchele wa arusi.

Siku ya pili jioni tukarekodi tena, na sasa pande zote mbili zilisikika, ila nyuma ya sauti kulikuwa na mlio, zzzz, kama nyuki ndani ya chupa. Siku ile umeme haukuwapo, na tulikuwa tunatumia batri ya paneli za jua na konvertisa. Tulifikiri kaseti imechoka. Tukaweka kaseti nyingine ya nyimbo, mlio ni ule ule. Tukachomoa deki kabisa, tukaacha mashine ya kurekodi peke yake ikiwa na televizyo: mlio upo. Kwa hiyo haukutoka kwenye kaseti wala kwenye deki. Ulitoka kwenye umeme wenyewe.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa sita wanalijua hili, na tuliona haya kwamba hatukulifikiria mapema. Umeme mzuri unapanda na kushuka taratibu, kama vilima vya Lubero. Konvertisa za bei rahisi, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, zinatoa umeme unaopanda kwa ngazi, ghafla juu, ghafla chini. Taa haioni tofauti, pasi haioni, lakini mashine za sauti zinaisikia na kuirudisha kama mlio. Kuna konvertisa za mawimbi laini, nazo ni ghali. Kama huna, subiri umeme wa kweli kwa ajili ya kurekodi tu. Mlio unaosikika wakati wa kutazama utaondoka siku utakapobadilisha umeme, lakini mlio ulioandikwa kwenye diski umekwisha kuandikwa.

Kuna mlio mwingine, mzito zaidi, mmmm, unaokuja hata umeme ukiwa mzuri. Huo mara nyingi unatokana na mashine kuchomekwa kwenye prizi za mbalimbali, moja chumbani, nyingine sebuleni, au na waya wa antena uliobaki umeungwa. Weka zote kwenye ralonji moja, chomoa antena, sikiliza tena. Tafadhali, msikubali mtu awaambie kukata waya wa ardhi kwenye fishi ili mlio uishe. Utaisha kweli, lakini waya ule ndio unaokulinda mkono unapogusa chuma chenye umeme.

Mama mmoja wa Butembo alitueleza kisa kingine tunachokiweka hapa kwa sababu kilitushangaza. Deki yake ni ya aina ya Hi-Fi, mpya kuliko yetu, na kaseti yake ilikuwa inakoroma, sauti inakuja na kukatika kila sekunde. Kaseti za VHS zinaweza kubeba sauti mara mbili: mara moja kwenye ukingo wa utepe, mstari mmoja mrefu wa sauti ya kawaida, na mara ya pili chini ya picha, iliyoandikwa na vichwa vinavyozunguka, ambayo ni nzuri zaidi ikiwa nzima. Ikiharibika, inakoroma. Kwenye telekomandi ya deki yake kulikuwa na kibonyezo cha kuchagua sauti. Akachagua ile ya kawaida, ya ukingoni, na mkoromo ukaisha. Sauti ikawa nyembamba kidogo, lakini kila neno likasikika. Unapookoa sauti ya mtu aliyekufa, neno linatangulia uzuri.

Sasa tuseme juu ya kwaya, maana hapa malalamiko ni mengi. Mnachukua sauti kutoka kwenye mikseri ya kanisa au kwenye tundu la masikio la ampli, mnaipeleka kwenye mashine ya kurekodi, na nyimbo zinatoka zimepasuka, hasa pale sauti za kwanza zinapopanda. Jueni kwamba sehemu kubwa ya mashine hizi za nyumbani hazina kidude cha kupunguza nguvu ya sauti inayoingia. Zinapokea kinachokuja. Ukimwaga ndoo ndani ya kikombe, kitakachobaki ni kikombe tu. Kupunguza kunafanyika kule sauti inakotoka: anza chini, rekodi dakika moja ya wimbo wenye nguvu kuliko yote, sikiliza, panda kidogo. Sauti iliyorekodiwa chini unaweza kuiongeza baadaye, ingawa na upepo wake. Iliyopasuka haishonwi.

Na wanaorekodi vipindi kwa antena, picha ikaja safi na sauti ikawa upepo mtupu? Huo si ubovu. Katika televizyo ya zamani ya antena, sauti inasafiri kando ya picha, kwa umbali ambao kila nchi ilichagua. Uganda na Kenya zilichagua megahezi 5,5. Afrika Kusini na Hong Kong, 6. Kongo iliwekwa katika mpango wa SECAM wa Kifaransa, na sauti yake ni 6,5. China nayo ni 6,5. Ndiyo maana mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya Kampala inaweza kukuonyesha mtangazaji asiye na sauti, wakati ile iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China, ambayo wengi wanaidharau, inaongea bila shida. Ingia kwenye menyu, tafuta mahali pameandikwa B/G, I, D/K au K, jaribu moja baada ya nyingine. Kama mashine haina uchaguzi huo, acha antena yake kabisa, chukua sauti na picha kwenye dekodere kwa waya wa rangi tatu.

Yako mambo ambayo hayatengenezeki, na ni vizuri kuyajua kabla ya kugombana na aliyekuuzia. Mashine hizi zinarekodi sauti mbili tu, kushoto na kulia. Hata ukiwa na bafle sita, filamu uliyoirekodi nyumbani haitakuzunguka kama ya sinema. Tena ukirekodi kipindi chenye lugha mbili, mara nyingi inabaki moja, ile uliyochagua kabla ya kuanza. Na kama umeunga mashine kwa waya wa dijitali kwenye ampli ya zamani na ampli ikanyamaza, tafuta kwenye menyu mahali pa sauti ya dijitali uchague PCM. Ampli ile haijui kufungua Dolby.

Lipo jambo moja la sauti ambalo katika mji wetu si la mashine peke yake. Mwaka jana, saa nne ya usiku, watoto wetu wakubwa waliweka filamu ya vita. Katika filamu hizo maneno yako chini na risasi ziko juu, kwa hiyo waliongeza sauti ili wasikie maneno. Risasi zilipoanza, taa za nyumba ya jirani zilizimika. Kisha za nyumba ya pili. Tulisikia mlango unafunguliwa na watu wanatoka kwa nyuma, na mama mmoja alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Tulitoka kuomba radhi, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyetutukana, wakatuambia tu: «Mwalimu, usirudie.» Tangu usiku ule tulijifunza kwamba mashine nyingi za DVD zina mahali kwenye menyu panapoitwa DRC, au sauti ya usiku. Si jina la nchi yetu, ni namna ya kuzishusha sauti kubwa na kuziinua zile ndogo, maneno yasikike na milipuko ikae kimya. Kwetu pamewashwa, na watoto wamekatazwa kupagusa.

Turudi kwa koko. Siku ya nne usiku, saa tano, umeme wa kweli ulirudi. Tuliwaamsha wakubwa. Tulichagua SP, namna inayoingiza saa mbili kwenye diski ya kawaida. Ukichagua EP zinaingia sita, ila picha inakuwa kama mtu amevaa ukungu. Tuliweka ralonji moja, antena nje, waya wa Y, na masikio ya simu kwenye televizyo. Tulikuwa tumevunja kile kibati kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ili hata mtu akikosea kibonyezo pasiandikwe kitu juu ya koko. Kisha tukabonyeza, na kwa dakika arobaini hakuna aliyethubutu kuinuka, tukiogopa umeme ukatike. Ukikatika katikati, mara nyingi diski nzima inapotea, kwa sababu mashine inaandika orodha yake mwishoni. Haukukatika. Tukaifunga diski, kazi ambayo kwenye menyu inaitwa kufinalizi, na bila hiyo diski ingesomeka kwenye mashine yetu tu, ukumbini ingekataa. Wengi wanalaumu ukumbi.

Asubuhi tulitengeneza nakala tatu na nyingine kwenye funguo ya USB. Moja ilikwenda Butembo kwa shangazi.

Siku ya posho, baada ya chakula, kijana wa sono alizima muziki. Koko akatoka pande zote mbili. Aliongea Kinande, taratibu, na katikati ya baraka, kabla ya kutaja majina ya watoto ambao hawajazaliwa, alikohoa mara mbili na kuomba maji. Mpwa wetu aliyerekebisha nakala alikuwa ametuuliza mapema kama akate pale. Dada yetu mkubwa ndiye aliyejibu: «Ukikata kikohozi, si yeye tena.» Kwa hiyo alikohoa mbele ya watu wote, na mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa amekaa chini karibu na bafle ya kushoto, akainuka kwenda kumletea maji.